Ile Barua Niliyomwandikia Mama Furaha

Aline,

Koti la baridi limo kwenye begi, vitabu umefunga mwenyewe, na habari za kula na kusali nimekusumbua nazo tangu uko darasa la pili, kwa hiyo hayo nayaruka. Nakuandikia jambo ambalo kwa mdomo lingenishinda. Kwa mdomo ungenikatiza kwa Kiingereza chako, mimi ningekasirika, na tungeishia kugombana kuhusu vyombo. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Buffalo. Kazi umeiacha wiki iliyopita. Nyumba huna, una kochi la rafiki yako wa shule kwa siku tatu. Na mimi mama yako, kwa wiki mbili nzima, nimekuficha kitu ambacho kingekupa mahali pa kulala mpaka masomo yako ya uuguzi yaanze na hata baada ya hapo.

Nimekificha kwa sababu ya hasira. Sitafuti neno zuri zaidi.

Unamkumbuka Furaha, yule mliyelala naye kitanda kimoja tulipohamia hapa Columbus, mkipigana mateke hadi asubuhi. Uliniuliza mara nyingi kwa nini aliacha kupokea simu zako. Nilikwambia watu wakihama husahau. Nilikudanganya. Furaha alikatazwa kuongea nawe, na aliyesababisha akatazwe ni mimi. Lakini siwezi kuanza na langu kabla sijasema la mama yake. Nimeamua kuwa mkweli leo, sijaamua kuwa mtakatifu.

Tulikuwa Louisville, wewe una miaka saba, baba yako tulishamzika kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala, na ingawa mgongo uliniuma, kodi nililipa na hatukulala njaa. Mama Furaha, yule Mkongomani wa Uvira tuliyeimba naye kwaya, alikuwa ametangulia Columbus. Kila Jumapili alinipigia simu. "Mama Aline, kuya huku! Kazi iko mingi, na nyumba yangu iko kubwa. Bon, unangoya nini?" Nami kweli sikujua nangoja nini.

Sasa soma kosa langu la kwanza, maana wewe umelirudia juzi. Kambini Kigoma nilikokulia, mtu haondoki bila kuaga. Jina lako likibandikwa ubaoni kwamba unasafiri, unazunguka nyumba kwa nyumba, unashika mikono, unamwomba radhi uliyemkosea na hata usiyemkosea. Anayeondoka kimya atasemwa mwaka mzima kwamba kaiba au karoga. Basi nikaaga Louisville kama ninavyojua kuaga. Nikakaanga mandazi beseni zima, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda ghalani siku ambayo haikuwa zamu yangu. Nikamshika bosi mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia asante kwa kunitunza, unisamehe nilipokukosea. Yule bwana akafurahi mno. Alikula mandazi manne mbele yangu. Kisha akaleta karatasi, akanionyesha pa kusaini, nami nikasaini nikiamini ni cheti cha kazi nzuri. Nakala yake niliitunza kwenye bahasha pamoja na cheti chako cha ubatizo.

Ilikuwa karatasi ya kusema nimeacha kazi kwa hiari yangu. Wiki tatu baadaye ghala lilifunga sehemu yetu, wenzangu wote wakaachishwa kazi, na kwa kuwa wao waliachishwa, serikali iliwalipa pesa za kukosa kazi. Mimi niliyeaga kwa heshima sikupata kitu. Nina hakika yule bwana alikuwa anajua tayari, huku anatafuna. Mpaka leo nikimkumbuka natamani yale mandazi yangemkwama kooni, si afe, akohoe tu mbele za watu mpaka aone haya.

Na wewe binti yangu uliyesoma umefanya nini? Umewaokea keki watu wa ghala la Hilliard. Umemwandikia bosi wako ujumbe wa kumshukuru kwa miaka miwili mizuri na kumjulisha kwamba unaondoka kwa moyo mweupe. Ulinionyesha picha ya keki, ujumbe hukunionyesha. Ulipopiga simu kuomba pesa za kukosa kazi ukajibiwa nilivyojibiwa mimi, kwamba umeacha mwenyewe na hupati mpaka ufanye kazi tena, nilikaa pale kwenye ngazi nikacheka kama mwehu. Ukadhani nakucheka. Nilikuwa najicheka mimi, kwamba nimekufundisha kuaga na sikukufundisha yaliyonipata.

Tulipofika Columbus tukakaa kwa Mama Furaha, lakini ghala alikofanya kazi lilikuwa limeacha kuajiri wiki ileile. "Ngoya kiloko, batafungua tu," aliniambia, nami nikangoja. Pesa za kukosa kazi nikanyimwa. Kadi ya chakula ya serikali nayo nikaambiwa nimefungiwa kwa muda kwa kuwa niliacha kazi mwenyewe, na muda ule ulipokwisha wakataka karatasi ya kuonyesha ninakoishi. Barua tu ya mwenye nyumba, mistari miwili, huyu mama na mtoto wake wanaishi hapa. Nikamwomba Mama Furaha. Akaacha kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, akanitazama.

"Ile siwezi."

"Kwani ni uongo? Si ndipo tunapokaa?"

"Serikali inanisaidiaka kodi. Ku fomu niliandika tuko batu ine tu. Nikiandika weye, donc tutakuwa sita. Unataka banifukuze na batoto?"

Nilielewa. Nataka ujue kwamba nilielewa, na ndiyo maana sikugombana naye. Niliendelea kupika, kufua na kupeleka watoto wake shule pamoja na wewe. Niliona aibu kula chakula chake, nikawa nakula kidogo. Labda ningegombana siku ile tungebaki marafiki.

Kisha ile ofisi inayomsaidia kodi ikaleta habari ya ukaguzi wa nyumba. Mama Furaha aliniambia tutoke asubuhi na vitu vyetu vyote, turudi magharibi. Nilianza kusafisha siku moja kabla. Niliondoa miswaki yetu, sandali zetu, ile picha yako ya ng'ombe wa zambarau uliyoibandika kwenye friji. Nilitoa nywele zako kwenye kitana. Nilitandika kitanda mlicholalia hadi kikaonekana cha mtoto mmoja. Sijawahi kusafisha nyumba namna ile hata kwa malipo, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuhakikisha kwamba hatupo. Tukapakia gari, tukashinda maktaba, wewe ukisoma na mimi nikisinzia. Jioni tukarudi.

Mlango ulifunguliwa kwa upana wa mnyororo.

"Mama Aline, pardon. Miye siwezi tena. Leo niliogopa mupaka nikatetemeka. Mutafute fasi ingine."

"Usiku huu? Na mtoto hajala!"

"Ngoya."

Nikadhani amekwenda kutoa mnyororo. Alirudi na mfuko wa plastiki wenye ugali na sombe ya moto, akanipitishia kwenye ule upenyo, akafunga. Ulikula ndani ya gari ukasema ni kitamu. Mimi sikugusa. Tangu siku hiyo sombe haijapikwa nyumbani kwangu, na wewe ulikuwa unadhani siipendi.

Tulilala garini wiki mbili, nyuma ya duka moja Hilliard. Nilikwambia tunasubiri fundi amalize kupaka rangi nyumba yetu. Kila asubuhi uliniuliza ni rangi gani. Mchana nilitafuta nyumba kwelikweli, na hapo ndipo nilipoijua hii nchi. Wenye nyumba walitaka hati za mshahara za miezi mitatu, sina. Walitaka jina la mwenye nyumba wangu wa mwisho, na mwenye nyumba wangu wa mwisho ni mtu aliyeapa kwamba sikuwahi kukaa kwake. Walitaka anwani ya sasa. Ofisi moja niliulizwa hilo, nikatazama nje ya dirisha nikataja namba iliyokuwa kwenye ukuta wa kinyozi. Yule dada akageuka akaitazama naye. Bila kazi hupati nyumba, na bila anwani hata kazi inakukwepa. Usiku nilikuwa nikikufunika koti na kumtukana Mama Furaha kwa sauti ya chini, kwa Kirundi cha wazazi wangu ili usielewe, mpaka usingizi unichukue.

Aliyetutoa ni Dada Neema, yule Mtanzania aliyekuwa anasomea udaktari wa mazao kule mtaa wa chuo kikuu. Nilimsikia kwenye mashine za kufulia akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili, nikamwomba sabuni kidogo. Akaniambia, "Shikamoo mama." Nililia hapohapo, maana sikumbuki lini mtu alikuwa ameniamkia. Mwenzake wa chumba alikuwa amehama. Akatuingiza kimyakimya kwa ngazi za nyuma, mwenye nyumba hajui, na hakuniuliza hati yoyote. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na mandazi. Akasema nikipata kazi tutaongea habari za kodi. Na ile barua ya mistari miwili aliiandika yeye, mwanafunzi, mgeni, mwenye mengi ya kupoteza kuliko Mama Furaha. Baada ya hapo kadi ya chakula ikaja, kazi ya kulea wazee Gahanna ikaja, na ulipofika darasa la tano tukapata hii nyumba. Haya unayajua.

Usichojua ni siku Mama Furaha alipokuja hapa. Ulikuwa shule. Mumewe alikuwa ameondoka, yeye amekosana na bosi wake akaiacha kazi kwa hasira, kodi ikamshinda, akatolewa. Alikuwa anazunguka sebule za watu wa kanisani na watoto wake, hapa wiki, pale wiki. Nilimfungulia mlango wazi, wote, hadi ukagonga ukuta. Nilitaka aone mlango unavyofunguliwa. Nikampa chai ya maziwa na kiti kizuri.

"Naomba tu ka-barua," akasema. "Useme naikala kwako. Ni ya kuonyesha ku bureau, banipe kadi ya chakula. Sitakusumbua na kulala."

Aline, nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka minne bila kujua kwamba naisubiri. Nilimwacha aeleze mambo yake yote. Nikamwongeza chai. Kisha nikaleta karatasi nzuri na kalamu, nikakaa mezani, nikaandika polepole kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni: Huyu mama haishi kwangu. Hajawahi kuishi kwangu. Sijui anaishi wapi. Nikaweka tarehe, jina, saini na namba ya simu, wakitaka kuhakikisha. Nikaitia kwenye bahasha, nikailamba, nikaifunga. Yeye Kiingereza cha kusoma hakuwa nacho. Aliipokea kwa mikono miwili na goti akalikunja. Akaniambia Mungu atanilipa.

Hakukuwa na uongo hata neno moja katika barua ile. Nilijisifu kwa hilo.

Siku mbili baadaye akanipigia. Pale ofisini walimpatia mkalimani kwa simu, na mkalimani akamsomea barua yangu kwa Kiswahili, taratibu, mstari kwa mstari, mbele ya Furaha. Mama Furaha hakunitukana. Alinieleza hayo tu, akasema, "Nimeisikia," akakata. Nilisimama hapo jikoni nikajisikia vizuri, vizuri sana, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kanisani wanasema kisasi ni kichungu. Mimi nilikionja, kilikuwa kitamu, na kitamu chake kilikaa siku nyingi. Sitakudanganya uende huko ukidhani mama yako alijuta usiku uleule.

Yaliyofuata ndiyo sikuyataka. Alihamia Buffalo, alikosikia nyumba ni rahisi. Na wewe ukaanza kumpigia Furaha. Ulikuwa unakaa pale dirishani na simu yangu, unapiga, inaita, hapokei. Siku yako ya kuzaliwa ulipiga mara sita. Uliniuliza, "Mama, nimemkosea nini?" Nikaendelea kumenya viazi. Ningeweza kukwambia hukumkosea kitu, nimemkosea mimi, lakini ningelazimika kueleza, na nilipenda unione mtu mwema. Kwa hilo naomba radhi, kwako na kwa yule mtoto aliyesikia nilichoandika. Kwa mama yake bado. Nimejichunguza vya kutosha, na bado.

Sasa hiki ndicho nilichokuficha. Wiki mbili zilizopita, ulipokuwa unapigia wenye nyumba wa Buffalo na wote wanakuuliza hati za mshahara, Mama Furaha alinitumia ujumbe wa sauti. Amesikia kwa watu wa kwaya. Siku hizi ana nyumba yake, ya mbao, ghorofa moja, amenunua kwa kazi ya kiwandani. Anasema hivi: "Mama Aline, mutoto akuye kwangu. Chumba ya yulu iko. Asilipe kitu mupaka apate kazi. Na barua ya kusema anaikala hapa, nitamuandikia miye mwenyewe."

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi nikitafuta dharau ndani yake. Nimeuweka sikioni, nimeuweka kwa sauti kubwa, nimeusikiliza naenda kazini. Dharau sijaipata na hilo ndilo linaloniudhi. Angenidhihaki ningejua pa kumshika. Nikaamua huo ndio ujanja wake, anataka niwe na deni la roho kwake, awe juu na mimi chini mpaka tufe. Nikasema bora mwanangu alale kochini, atapata nyumba, mbona mimi nilipata. Kila ulipokata simu umekataliwa nilikuona uso, nikanyamaza. Wiki mbili, Aline. Yeye alinifungia mlango wake. Mimi nimekufungia wewe mlango ambao si wangu, na wewe hukunikosea lolote.

Jana jioni ulipokuwa unahesabu siku za lile kochi kwa vidole, siku tatu, halafu "tutaona," nilisikia sauti yangu mwenyewe ya Hilliard. Tutaona ndilo neno nililokuwa nakupa kila ulipouliza rangi ya nyumba. Nikaingia chumbani nikamwandikia. Nilijaribu kuweka asante, nikaifuta, nikaiweka, nikaifuta. Nilichotuma ni hiki: Atafika keshokutwa jioni. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: Tuko tunamungoya. Furaha anatandika kitanda.

Nililia. Kwa hasira, usifikirie vingine.

Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Kwenda huko au kubaki kochini ni uamuzi wako, wewe ni mtu mzima, lakini angalau sasa unajua mlango upo. Ukienda, ile barua yake uipokee ukaisome yote mbele yake, hata akichukia, kisha uipeleke ofisini siku hiyohiyo. Ukipata kazi, lipa kodi hata akikataa. Msaidie vyombo, usimfulie. Furaha mwambie ukweli, kwamba simu ulipiga wewe na barua niliandika mimi. Akitaka kukasirika na wewe, mwache akasirike hadi amalize, halafu kaeni.

Kwa mama yake salamu zangu usipeleke, sijazituma. Akikuuliza kwa nini siji kukutembelea, mwambie sijaalikwa. Akinialika, nitakataa. Usimwambie hili, lakini mfanyie ujanja wowote unaoujua, aalike tena.

Mama yako,
Jeneroza